Mafunzo ya kusafisha ardhi ya viwanda: yanafaa, ila uliza mapema

Nimemaliza mafunzo ya wiki sita ya kusafisha ardhi iliyochafuliwa na viwanda katika kituo kimoja cha jimbo la Ohio, nchini Marekani, na kwa kuwa ndugu kadhaa wa huku wameniuliza kama yana faida, naandika tathmini yangu. Mafunzo hayo hutolewa bure kwa wakazi wa mitaa inayopakana na viwanda vilivyofungwa, chini ya mpango wa Brownfields wa EPA, wakala wa serikali kuu unaosimamia mazingira, ambao tangu mwaka 1998 umekuwa ukiyapa fedha mashirika ya kijamii na serikali za mitaa ili yaendeshe madarasa ya aina hii. Wazo lenyewe ni la haki, kwani aliyeishi miaka mingi na udongo wenye madini ya risasi na mafuta machafu ndiye anayestahili ujira siku udongo huo unapoondolewa.

Kiini chake ni kozi ya saa 40 iitwayo HAZWOPER, inayotakiwa na kanuni za OSHA, wakala wa serikali kuu unaosimamia usalama kazini, kwa vibarua wa kawaida kwenye maeneo ya taka za sumu, na hapo sina ila sifa. Mkufunzi wetu, ambaye kazi hiyo ameifanya kwa mikono yake, alitufundisha kuligawa eneo katika sehemu tatu, yaani yenye sumu, ya kujisafishia na iliyo salama, kisha akaturudisha kwenye zoezi la kuvua mavazi ya kinga mara nyingi kuliko la kuyavaa. Mwanzoni tulinung'unika. Baadaye tukaelewa kwamba mtu aliyejilinda kutwa nzima anaweza kuipata sumu katika dakika moja ya kuvua glavu kwa pupa, na vumbi la risasi lililoshika buti zake likawafikia watoto nyumbani. Mimi niliyelelewa Mombasa niliikumbuka Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi risasi mwilini na ardhini, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, nikawaza ingekuwaje kama vijana wa pale nao wangefundishwa kuuondoa udongo ule kwa malipo.

Kasoro zilianzia kwenye barakoa. Ili kuipima, mwanafunzi hufunikwa kichwa kwa kofia ya plastiki na kupuliziwa dawa chungu, na akiuonja uchungu, basi barakoa haijamkaa. Barakoa hiyo haishiki kwenye ndevu, lakini wenzetu wawili wanaofuga ndevu kwa ajili ya dini waliambiwa hivyo siku ya kipimo, ilhali walipaswa kuambiwa siku ya kujiandikisha. Vipo vifaa vya kofia pana vinavyosukuma hewa kwa feni na visivyomlazimu mtu kunyoa. Kituo hakikuwa na hata kimoja.

Lugha nayo ni tatizo. Mtihani wetu ulikuwa wa maandishi kwa Kiingereza pekee, na mama mmoja kutoka Kivu, aliyekuwa hodari kutuzidi sote katika vitendo, alifeli mara ya kwanza kwa sababu ya maneno. Posho haikuwapo isipokuwa nauli ya basi, kwa hiyo mwenye familia ajiwekee akiba ya wiki hizo sita.

Lakini lililonikera zaidi lilitokea baada ya kukabidhiwa vyeti. Kanuni zinadai kwamba, juu ya zile saa 40, mtu afanye siku tatu za kazi uwanjani chini ya msimamizi mzoefu, na kila mwaka arudi darasani kwa saa 8 za marudio. Kituo chetu kilitupa karatasi ya saa 40, kikapiga picha za mahafali, kisha kikatuachia wenyewe kumtafuta mkandarasi wa kutukamilishia siku tatu. Mimi nilimpata baada ya miezi miwili, naye akanichukua kwa mkataba wa msimu mmoja wa kiangazi.

Nakipa kituo nyota tatu kati ya tano, karibu zote zikiwa za mkufunzi. Anayetaka kujiandikisha kwingine aulize kwanza ni mkandarasi gani atakayempokea kwa siku hizo tatu, na ni nani atakayelipia marudio ya mwaka wa pili. Kituo kikishindwa kujibu la kwanza, atafute kingine.