Uzoefu wangu: kihori cha ndege cha kubandika kwenye kioo cha dirisha

Huu ni mwezi wa saba nakitumia, nyumbani Njiro, Arusha, kwa hiyo nakisemea kwa kukijua. Ni chombo kidogo cha kuwekea ndege wa porini chakula, cha plastiki ngumu, angavu kama kioo, chenye kisahani cha kuchomoa na vikombe vinne vya mpira vinavyonata dirishani. Nilikinunua mtandaoni kwa shilingi 45,000.

Jambo ambalo muuzaji hakulisema: madirisha yetu mengi yana wavu wa mbu, na mpira haunati kwenye wavu. Ilibidi fundi autoe upande mmoja, na kioo cha upande huo hatukifungui tena. Kihori kikakaa kati ya kioo na nondo, na hapo nondo zikawa msaada mkubwa. Ndege wadogo wanapita, kunguru anabaki nje.

Wiki ya kwanza kilidondoka mara mbili. Sasa najua: pangusa kioo kwa spiriti, kikauke, lowesha mpira kwa tone la maji ya moto, kisha bana kwa kiganja kwa nguvu. Usikiweke dirisha linalopigwa na jua la mchana, mpira unalainika na kuachia. Changu kipo kwenye kivuli cha mparachichi.

Siku tisa hakuja ndege hata mmoja. Siku ya kumi akatua tongo, kesho yake wakaja sita, wamebanana bega kwa bega. Miaka yote nilimjua tongo kama kijindege cha kahawia tu. Kwa umbali wa mkono mmoja nimeona mdomo wake wa juu ni mweusi na wa chini una rangi ya buluu iliyofifia, na begani ana doa la kijani linalong'aa akigeukia mwanga. Anaigeuzageuza punje ya ulezi mdomoni mpaka ganda linaanguka peke yake. Nimechelewa kazini kwa ajili hiyo, zaidi ya mara moja.

Baadaye wakaja mishigi wa buluu, dume na doa lake jekundu shavuni. Mnana mmoja alitutia wasiwasi: siku tatu alikidonoa kioo akidhani kivuli chake ni dume mwenzake. Nilibandika gazeti kwa ndani wiki nzima, akaacha. Kuhusu kujigonga, kihori kilichobandikwa kwenye kioo chenyewe ni salama kuliko kile cha kutundika mita chache kutoka dirishani, kwa sababu ndege anayeruka hapo hajapata kasi.

Kasoro kubwa ni matundu ya kutolea maji. Ni madogo, yanazibwa na makapi. Wakati wa masika ulezi ulilowa ukachacha, nikayapanua kwa msumari wa moto. Kisahani nakiosha kila wiki kwa maji ya moto na sabuni. Karanga zilizoota ukungu usiwape kabisa, sumukuvu inawaua.

Mama alikuja kutoka Singida. Utotoni aliamia ndege, yaani aliwafukuza wasile nafaka, kwenye shamba la uwele, juu ya dungu, kombeo mkononi. Aliponiona namimina ulezi alinyamaza, halafu akauliza, "Mwanangu, na kwelea nao unawalisha?" Nikamwambia hawa si kwelea, wale wanaovamia mashamba ya nafaka kwa makundi, asogee awaone. Akakaa mpaka chai ikapoa. "Kumbe wana macho mazuri hivi," akasema. "Sisi tuliwaona kwa mbali, na jiwe tumeshalishika."

Siku hizi kujaza kisahani asubuhi ni kazi yake. Kihori nakipa nyota nne kati ya tano, ya tano nimeinyima kwa ajili ya yale matundu. Nimeagiza kingine kwa dirisha la chumba cha Mama, na safari hii nimechagua chenye sakafu ya wavu wa chuma, maji yapite moja kwa moja.