Kliniki ya meno Mtwara mjini, sisi wastaafu wa Mueda tulivyotibiwa

Naandika hii kwa ajili ya wazee wenzangu wa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, na watoto wao, manake kila nikienda msibani au harusini naulizwa mama meno umewekea wapi, na mbona mwalimu yeye bado kibogoyo upande mmoja. Mimi mzaliwa wa Newala, nimeolewa Mueda huko Msumbiji, mume wangu mwalimu mstaafu na mimi nilikuwa nesi. Jina la kliniki siliweki hapa kwa sababu nina sifa zao na nina malalamiko, na malalamiko nimeshawaambia wenyewe uso kwa uso, inatosha.

Kwa sisi wa Mueda uchaguzi ulikuwa Pemba (Pemba ya Msumbiji jamani, sio ile ya Zanzibar) au Mtwara. Tukachagua Mtwara kwa sababu ndugu zangu wapo upande huo na kwa sababu ya lugha. Mwalimu Kiswahili alikipata kambini Nachingwea, Tanzania, enzi za Frelimo kupigania uhuru wa Msumbiji, kijana mdogo kabisa, mpaka leo anakizungumza vizuri na anakipenda, na mtu akiwa na maumivu anataka aelezwe kwa lugha inayomuingia. Hilo wengi hawalifikirii wanapotafuta daktari, wanaangalia bei tu.

Safari yenyewe tulipita Negomano, Daraja la Umoja. Wanaoishi Palma na Mocímboa wao wana njia ya Namoto na Kilambo, ya pantoni, ila sisi huku juu daraja ndio njia yetu na tangu vurugu za 2017 zianze kule pwani ndio kabisa hatuifikirii ile nyingine. Daraja lina mita 720 na lilifunguliwa 2010, kabla ya hapo ilikuwa mitumbwi na viboko na mamba, kwa hiyo mie kila nikipita pale namshukuru Mungu kwa sauti. Upande wetu barabara kuna vipande vya lami na vipande bado vumbi, masika mzee usithubutu na gari ya chini. Ukishavuka Mtambaswala ni lami, unapita Mangaka, Masasi, Ndanda, unakuja kutokea Mnazi Mmoja ndio unakata kulia kwenda Mtwara. Uzuri Tanzania na Msumbiji wote tunaendesha kushoto kwa hiyo dereva mzee hachanganyikiwi. Gari yenye namba za kigeni lazima uikatie kibali cha muda na bima pale mpakani, beba karatasi zote orijino usibebe kopi. Na saa! Msumbiji iko nyuma saa moja, ukivuka ni saa nne kwetu, Tanzania tayari saa tano, ukiwa na apointimenti hesabu hiyo saa mapema la sivyo unafika watu wanakula chakula cha mchana.

Sasa kliniki. Tulifika tumechoka, mwalimu shavu limevimba, magego mawili ya chini yanacheza na moja lina usaha. Yeye alichokuwa anataka ni kimoja, ng'oa leo, weka meno ya bandia wiki hii, turudi nyumbani. Hela alishazitenga kwenye bahasha. Dokta kijana tu, umri wa mjukuu wetu, akamwamkia shikamoo baba, akamkalisha, kabla hata hajamwambia afungue mdomo akampima presha. Mashine ikasoma juu ya 180 kwa 110. Akapumzisha robo saa akapima tena, ile ile. Akasema baba leo sing'oi, presha hii ni ya hatari, umesafiri mbali na nadhani dawa zako hujanywa vizuri njiani, nakupa dawa ya maumivu na ya huo usaha, nenda kalale, kunywa dawa zako za presha kama kawaida, kesho asubuhi njoo tupime tena. Mwalimu akakasirika pale, akasema nimetoka Mueda mimi sio Shangani hapa mjini. Kijana wa watu hakupandisha sauti, akasema najua baba ndio maana sitaki urudi Mueda na tatizo lingine.

Mie kama nesi nikamwelewa papo hapo. Nimeona kazini mtu anang'olewa jino na presha iko juu, damu haikati, watu wanahangaika usiku kucha. Kile kipimo cha dakika mbili kwenye kiti cha meno ndicho kinachotenganisha kliniki na kliniki, hasa kwa sisi wa umri huu wenye presha, sukari, na wengine wanakunywa aspirini kila siku bila kumwambia daktari wa meno. Waambieni jamani. Bebeni na vikopo vya dawa zenu vyenyewe, sio kusema nakunywa kile kidonge cheupe.

Kesho yake presha ikashuka hata mwalimu mwenyewe akatulia. Eksirei, ganzi, akasubiri ishike akagusa akauliza baba unasikia, ndio akang'oa. Akamwekea pamba ang'ate nusu saa, na maelekezo akamwambia yeye halafu akanirudia mimi polepole, usisukutue mpaka saa 24 zipite, usinywe kwa mrija, usivute, kesho maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mwalimu akauliza na korosho? Akaambiwa korosho na ming'oko (ile mizizi ya kuchemsha ya kusini) sahau kwanza, kunywa uji. Kwa mtu aliyekuja Mtwara akiwa na hamu ya ming'oko hiyo ni adhabu kubwa lakini alivumilia.

Halafu ndio likaja lile ambalo watu wengi wanarudi nyumbani wananung'unika. Dokta akasema meno ya bandia ya chini sikuwekei safari hii. Akamchorea kwenye karatasi, ukishang'oa mfupa na fizi vinanywea, miezi miwili mitatu hivi ndio vinatulia, nikichukua kipimo leo nikakutengenezea, likikaa litaanza kucheza na kukuchubua, na bandia ya chini yenyewe hata ikitengenezwa vizuri ni sumbufu kuliko ya juu kwa sababu ulimi unaisukuma. Kuna namna ya kuweka hapo hapo, akasema, lakini lazima urudi irekebishwe fizi ikishanywea, na wewe unatoka mbali. Chaguo ni lako baba ila ushauri wangu subiri. Bahasha ipo mezani, hela zinaonekana, na yeye anasema subiri. Wangapi wangefanya hivyo? Kuna jirani yetu aliwekewa sehemu nyingine siku aliyong'olewa, hakuna aliyemwambia arudi kurekebisha, sa hivi meno yapo kabatini.

Mimi kesi yangu ilikuwa nyepesi, mapengo yangu ya juu ni ya miaka mingi, fizi imeshakomaa. Kwanza wakanisafisha, ugaga mwingi kwa kweli na damu kidogo, wakaziba jino moja lililotoboka. Ndipo wakachukua kipimo, wanakuwekea sahani ya chuma mdomoni ina kitu kama ugali mbichi, dakika chache kinaganda, ukiwa mwepesi wa kutapika pumua kwa pua na inamisha kichwa mbele. Baadae unang'ata nta wajue meno yanakutanaje, baadae tena unajaribishwa meno yakiwa bado kwenye nta, hapo ndio useme kila kitu, rangi, urefu, ukicheka inaonekanaje. Mie nilisema meno meupe sana sitaki, mie mama mzima, wakabadilisha bila kununa. Ukinyamaza pale kwenye nta ikishapikwa imepita hiyo.

Malalamiko sasa. Hawana maabara yao, kazi inatumwa Dar na kurudi kwa basi, na hilo sikuambiwa mwanzo. Niliambiwa siku ambayo meno yangu yalitakiwa yawe tayari. Kwa mtu wa Mtwara mjini sio shida, atakuja siku nyingine, lakini mtu amevuka mpaka, analipa gesti, muhuri wa pasipoti una siku zake, hilo neno la kwanza kabisa kumwambia pale mapokezi. Sisi tulibahatika nina ndugu, tukaenda Newala kwa kaka yangu kusubiri, mwalimu akapata baridi ya mlimani na shavu likanywea. Pia kliniki iko ghorofani na ngazi hazina cha kushika, kliniki ya wazee hiyo jamani! Na simu ya mapokezi hawapokei, wasap ndio wanajibu, tena jioni.

Bei siwaandikii kwa sababu haifanani mtu na mtu, inategemea meno mangapi na bandia ya plastiki au ya chuma. Ila walituandikia zote kwenye karatasi kabla ya kugusa kitu, na mwisho hakuna shilingi iliyoongezeka. Badilisheni meticali mapema mkiwa na mtu mnayemwamini, kule kliniki ni shilingi tu, na bima ya afya ya Tanzania sisi wa ng'ambo haituhusu.

Meno yangu yakaja. Siku ya kwanza nilijiona nina kitu kigeni mdomoni, na yalinichubua pembeni, nikarudi akapunguza kidogo kwa mashine pale pale, bure. Usiku nayatoa nayaweka kwenye maji ya kawaida, sio ya moto, ya moto yanayapinda. Sasa hivi nakula nyama, naongea bila kuziba mdomo kwa mkono, na kanisani naimba sauti ya kwanza kama zamani. Wakati wa kurudi tulikata pale Masasi kwenda Nachingwea, mwalimu alitaka kupaona, akazunguka akinionyesha walipokuwa wanalala na walipokuwa wanasomea, shavu limeshapona, anaongea mpaka jua linazama.

Kwa hiyo nawapa nyota nne. Ya tano nimeishika kwa sababu ya hilo la maabara na zile ngazi.

Mwalimu anarudi korosho zikishauzwa, kwa ajili ya yale ya chini. Safari hii tumeshawaambia kwa wasap watupangie siku zote kwa mkupuo, kipimo, nta, kujaribu, na muda wa kwenda Dar na kurudi, na wamekubali. Kama kuna anayejua gesti isiyo ya ghorofa, safi, yenye sehemu ya kulaza gari, isiyo mbali na mjini, naomba aniambie, tutakaa huko safari hii maana kaka yangu Newala ana wageni wa harusi.