Adapta ya Kwenda Nayo Komoro: Ile ya Nchi Zote au Hii ya Duara?

Habari za wakati huu, watazamaji, na karibuni. Mezani kwangu leo zipo adapta mbili za umeme nilizozitumia kwa siku tisa katika Visiwa vya Komoro, na ninazichambua kwa ajili ya msafiri anayetoka Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa akiwa na plagi zetu za pini tatu bapa.

Komoro ilitawaliwa na Ufaransa hadi mwaka 1975, na soketi za ukutani zimebaki za Kifaransa: kishimo cha duara kilichozama kiasi cha sentimita moja na nusu, ndani yake matundu mawili, na juu yake pini ya ethi, yaani ya usalama inayopeleka ardhini umeme unaovuja, inayochomoza kutoka kwenye soketi yenyewe. Plagi yetu, tuliyorithi kwa Mwingereza, haiingii hata kwa ubishi. Umeme wenyewe hauna tatizo, kwani kwao ni volti 220 na kwetu ni 230 hadi 240, na pande zote mbili ni hezi 50, hivyo chaja ya nyumbani inafanya kazi kule bila transfoma. Kazi ya adapta ni kubadilisha umbo la plagi tu, na muuzaji anayekwambia kwamba inapunguza au kuongeza umeme anakuuzia maneno.

Tuanze na hii ya mchemraba, niliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 35,000. Ina vitufe vya kusukuma ubavuni vinavyotoa pini za Uingereza, za Ulaya, za Marekani na za Australia, na ina matundu mawili ya USB. Ukiishika mkononi unajiona umemaliza safari zote za dunia. Sasa tazameni kwa karibu ninapoiingiza kwenye soketi hii ya Kifaransa niliyorudi nayo. Uso wake ni mpana na una pembe nne, ilhali kishimo ni cha duara. Mwili unagota ukingoni kabla pini hazijafika mwisho, na kwa kuwa mchemraba wenyewe ni mzito, unaanza kuinama. Usiku wangu wa kwanza Moroni, mji mkuu wao, niliuegemeza kwa kandambili juu ya meza ya pembeni ya kitanda. Simu ilichaji, ikaacha, ikachaji tena, nami nikaamka alfajiri nikiwa na asilimia 31. Zaidi ya hayo, mchemraba huu hauna ethi kabisa, jambo ambalo kwa chaja ya simu linavumilika, lakini kwa pasi au birika silikubali.

Hii ya pili ni kidude cha duara, cheupe, kisicho na urembo wowote. Nilikipata kesho yake katika soko la Volo Volo, duka la tatu kuuliza, kwa faranga 1,500, yaani takriban euro tatu, kwa sababu faranga ya Komoro imefungwa kwa euro na euro moja ni faranga 492 hivi. Kinauzwa kule kwa kuwa bidhaa nyingi za madukani zinatoka Dubai, ambako plagi ni kama zetu. Nililipa taslimu, kadi wekeni akiba, msizitegemee. Muuzaji aliponikabidhi chenji akasema "marahaba", nami nikabaki kujiuliza ni lini nilimpa shikamoo, hadi nilipokumbuka kwamba kwao neno hilo ni ahsante.

Angalieni uso wake: pini mbili nene, na kati yake tundu la tatu. Tundu hilo ndilo linalopokea ile pini ya ethi ya ukutani. Zipo adapta za duara zinazofanana na hii lakini hazina tundu hilo, kwa kuwa zimetengenezwa kwa soketi za Kijerumani ambazo ethi yake iko pembeni, nazo zitagoma kuingia. Hii inazama yote, haitikisiki, na nimeivuta kwa waya wa kompyuta bila kuchomoka. Kasoro yake ni kwamba inapokea plagi moja tu na haina USB. Dawa niliyoitumia ni ekstensheni ya nyumbani yenye nafasi nne: adapta moja ukutani, ekstensheni juu yake, na vifaa vyote vinachaji kwa plagi zake za kawaida, mradi msichomeke pasi na birika kwa pamoja, na msome kwanza ampea zilizoandikwa kwenye adapta, yaani kiasi cha mkondo wa umeme inachohimili.

Umeme hukatika mara kwa mara, kwa hiyo chukueni na pawabenki. Yangu ni ya mAh 20,000, sawa na wati-saa (Wh, kipimo cha nishati ya betri) 74, chini ya kikomo cha 100 ambacho mashirika ya ndege huruhusu bila kibali. Iwekeni kwenye begi la mkononi, kwa kuwa kwenye mzigo unaopelekwa chini ya ndege hairuhusiwi, na wakaguzi watawafungulisha sanduku mbele ya foleni nzima.