Stika za QR mezani: nimejaribu msimbo wa kudumu na wa kubadilishwa

Nina hoteli ndogo ya samaki karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu. Bei yangu haikai: ngege wakiwa wengi inashuka, upepo ukiwazuia wavuvi inapanda. Nilichoka kufuta menyu kwa kalamu, nikabandika msimbo wa QR, ile picha ya viraba ambayo mteja anaiskani kwa simu apate menyu, kwenye meza zote 12.

Nilianza na wa kudumu, wa bure. Anwani ya faili la menyu inakuwa ndani ya vile viraba vyenyewe. Wiki ya pili mbuta akapanda bei. Nikapakia faili jipya, likapewa anwani mpya, stika zote zikabaki na bei ya zamani. Tena anwani ile ilikuwa ndefu, viraba vikawa vidogo mno. Jioni simu zilihangaika kuvisoma.

Nikahamia wa kubadilishwa. Huu hubeba anwani fupi tu ya kampuni iliyoutengeneza. Mteja akiuskani hupitia kwao kwanza, ndipo anapelekwa kwenye menyu. Niliupenda kweli. Nabadilisha bei asubuhi bila kugusa stika, na naona ni wangapi wameskani. Lakini siku za majaribio zilipokwisha, Jumamosi hoteli imejaa, kila meza ikafungua ukurasa wa kudai malipo. Mzee mmoja aliyekuja na familia kutoka Kakamega akaniuliza, "Mama, kwani leo hakuna chakula?" Iliniuma sana. Meza ni zangu, stika ni zangu, lakini ufunguo uko kwa mtu mwingine, na anataka dola kila mwezi.

Sasa nimerudi kwa wa kudumu, ila unaelekeza kwenye ukurasa wangu mwenyewe, wenye jina la .co.ke ninalolipia kwa mwaka. Anwani ni ileile. Yaliyomo nabadilisha nitakavyo. Wa kubadilishwa ningeulipia kwa tangazo la mwezi mmoja, pale ninapotaka kuhesabu watu. Kwa meza, hapana.

Safari hii niliomba kiwango H cha kusahihisha makosa, kinachostahimili takriban asilimia 30 ya msimbo ikichafuka, maana mchuzi haukosi kumwagika. Na mwambieni fundi wa kuchapisha stika aache ukingo mweupe pande zote za msimbo. Fundi wangu wa kwanza aliukata, simu nyingine zikakataa kusoma.

Leo ngege ameshuka. Nimebadilisha bei kwenye simu nikiwa bado ufuoni, samaki hawajafika jikoni.