Vikokotoo vya lupasi: miezi 8 ya kuvitumia, na kile kisanduku kinachodanganya

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo sina boksi la kufungua. Nina simu hii, bahasha ya majibu ya maabara na daftari langu la kliniki. Huu ni mwaka wa 9 tangu niambiwe nina lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, na kwa miezi 8 nimekuwa nikijaza vikokotoo vya kwenye intaneti vinavyopima ugonjwa umeamka kiasi gani. Wengi mmeniandikia mkiuliza kama mgonjwa anaweza kuvitumia au ni vya madaktari tu. Mgonjwa anaweza, ila kuna jambo moja lazima alijue kabla hajabofya chochote, na nataka mlione kwa macho yenu.

Naanza na SLEDAI-2K, orodha ya dalili na vipimo inayojumlishwa alama, zikiwa nyingi ugonjwa umeamka zaidi, kwa sababu ndiyo inayosikika zaidi kliniki. Ilitoka Toronto, Kanada, na toleo hili ni la 2002. Ina vipengele 24, na vyote vikikubali unafika alama 105. Degedege au kiharusi ni 8. Viungo kuvimba, kuanzia viwili, ni 4. Vipele, nywele kunyonyoka, vidonda vya mdomoni, 2 kila kimoja. Homa ni 1.

Tazameni skrini, najaza majibu yangu ya Machi. Vifundo vya mikono yote miwili vilikuwa vimevimba, naweka 4. Vidonda mdomoni, 2. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana, 2. Tuna 8. Nateremka kwenye mkojo. Mnaviona hivi visanduku vinne? Damu, protini, usaha, na zile chembe zilizogandamana kutoka kwenye mirija ya figo, maabara wanaziita kasti. Kila kimoja 4. Siku ile sikupima mkojo, nilikuwa nimechoka foleni nikarudi nyumbani. Kwa hiyo nikaviacha vitupu. Nabofya. Inasema 8.

Haikuniuliza kama nimepima. Kisanduku kitupu kimehesabiwa kuwa mkojo wangu ni mzima. Hapo kuna alama 16 ambazo hakuna aliyezitazama, na programu imenipa jibu kwa uhakika uleule kama vile nimepima kila kitu. Wiki 3 baadaye nilipima mkojo wa saa 24, protini ikawa gramu 1.4. Kikomo ni nusu gramu. Sikuwa na maumivu yoyote ya kiuno, miguu haikuwa imevimba, mkojo ulitoka kama kawaida. Figo ya lupasi huharibika kimya, ndugu zangu, na ile 8 nilikuwa nimeifurahia kabisa, nimempigia na mama kumwambia hali si mbaya sana.

Kwa hiyo usijaze kikokotoo kama hujapima mkojo. Katika vipimo vyote tunavyoandikiwa, ule wa kuchovya kijiti kwenye mkojo ni miongoni mwa vya bei nafuu, hata vituo vingi vidogo wanao.

Upande wa pili wa kosa ni kujaza kisichostahili. Kuna kipengele cha maumivu ya kichwa, alama 8. Mwezi wa kwanza nilikiweka kwa sababu kweli kichwa kiliniuma, nikaruka kutoka 4 hadi 12, usiku ule sikulala. Maana yake halisi ni kichwa kikali kisichokoma, kisichosikia hata dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Changu kilisikia paracetamol. Homa nayo ni hivyohivyo. Nilipompelekea daktari hesabu yangu aliuliza tu, "Dada, hii homa umepima malaria?" Sikuwa nimepima. Kila kipengele kinahesabiwa pale tu kinapotokana na lupasi yenyewe, na hilo kikokotoo hakiwezi kukuamulia. Hapo ndipo daktari anapohitajika.

Na vipele. Maelezo mengi mtandaoni yanasema vipele vyekundu. Kwenye ngozi yangu havijawahi kuwa vyekundu, vinakuja kama weusi wenye uzambarau mashavuni, na ukisubiri wekundu utaandika sifuri mwaka mzima. Mimi huvipiga picha kwa mwanga wa dirishani, kisha naionyesha kliniki.

Cha pili, ambacho mimi binafsi nakipenda zaidi, ni SLE-DAS. Kimetoka kwa madaktari wa Coimbra, Ureno, na Padova, Italia, kikachapishwa 2019. Vipengele 17, kikokotoo chake ni bure, ila kiko kwa Kiingereza. Uzuri wake ni huu. SLEDAI-2K ikiona protini gramu 0.6 inatoa 4, ikiona gramu 4 inatoa 4 ileile. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikiwa 90,000 ni alama 1, zikiwa 5,000, mtu anavuja damu kwenye fizi, bado ni alama 1. SLE-DAS inakuomba uandike namba yenyewe, kwa hiyo protini yangu iliposhuka kutoka 1.4 kuja 0.8 niliiona ikishuka, wakati SLEDAI-2K ilikaa palepale kama vile dawa hazifanyi kazi. Inahesabu pia viungo vingapi vimevimba, na ile anemia ya damu kujivunja yenyewe, ambayo SLEDAI-2K haina kabisa. Zaidi ya 7.64 ugonjwa ni wa kati au mkali. Kuanzia 2.08 kushuka, ukiwa kwenye predinisoloni, ile dawa ya steroidi, isiyozidi miligramu 5 kwa siku, unahesabiwa umetulia.

Lakini vyote viwili vinataka kamplimenti (protini za kinga kwenye damu, C3 na C4) na kingamwili za DNA (zinazoshambulia DNA ya mwili wenyewe), na hivyo vipimo si kila mkoa vinapatikana, na bei yake mnaijua. Kwa aliye katika hali hiyo ipo Mex-SLEDAI ya Meksiko, iliyopangwa bila vipimo hivyo viwili. Ina kitu kilichonigusa: inahesabu uchovu. Ule uchovu wa kuamka saa mbili asubuhi ukiwa kama umelima usiku kucha, SLEDAI-2K haina pa kuuandika. Tahadhari tu, alama zake zina mizani tofauti, juu kabisa ni 32, usizichanganye na za SLEDAI-2K kwenye mstari mmoja.

BILAG-2004 ya Uingereza nitaipita haraka. Vipengele 97, mifumo 9 ya mwili, majibu ni herufi kuanzia A hadi E. Wenyewe wana programu yake ya hospitalini. Si ya kujaza ukiwa kwenye daladala.

Hivi vikokotoo nilivyotumia havikutunza majibu yangu, ukifunga ukurasa vimepotea. Nimetengeneza jedwali la kawaida kwenye simu, hili hapa: tarehe, alama, protini ya mkojo, chembe sahani, dozi ya predinisoloni. Dozi usiisahau, kwa sababu moja ya shabaha za tiba, LLDAS, yaani hali ya ugonjwa kuwa chini, haitaki tu SLEDAI-2K isizidi 4, inataka pia ugonjwa usiwe umeamka kwenye viungo vikuu vya ndani kama figo na ubongo, na predinisoloni isizidi miligramu 7.5 kwa siku. Mtu mwenye alama 2 akiwa kwenye miligramu 30 bado ana safari.

Safu ya mwisho nimeiandika "haijapimwa". Kliniki iliyopita nilimpa daktari simu, akaivuta pembeni akaisoma hiyo safu kwanza, kisha akachukua fomu ya maabara akaandika C3, C4 na mkojo.