Berkshire ya Lionel: 726 au 736?

Kwa mbali vichwa hivi viwili vya treni za kuchezea za Lionel, kampuni ya Marekani, ni kama pacha; Berkshire ni aina ya kichwa cha treni ya mvuke. 726 ilitoka 1946, na ile ya mwaka huo wa kwanza hutoa moshi kwa joto la balbu. Kuanzia 1947 balbu iliachia nafasi waya wa kupasha joto. Fungua utazame, maana vichwa vingi vya 1946 vimebadilishiwa balbu hiyo.

736 ya 1950 ina sumaku zinazong'ang'ania reli za chuma, hivyo huvuta mabehewa mengi zaidi. Ya kuchezea, nachukua hii bila kusita.

Ya kuweka kabatini, 726. Ukiona 726RR, hiyo ni ya 1952: Vita vya Korea viliadimisha malighafi za sumaku, kikaundwa bila hizo na namba ya zamani ikarudishwa. Rangi iliyopakwa upya? Mimi naiacha.