Tahadhari: Muuzaji wa RAM na SSD aliyenibadilishia vifaa huku nikimtazama

Ndugu zangu, nimekaa kimya kwa siku 12 kwa sababu ya aibu, na leo naandika kwa sababu hasira imeishinda aibu. Mimi ambaye wengi wenu hunipigia simu kabla ya kununua kompyuta, mimi niliyewakaripia baadhi yenu kwa kununua flashi za bei ya kutupa, nimeuziwa SSD (diski ya kuhifadhi data) ya bandia na RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi) kuukuu, na vifaa halali vilivyokuja na kompyuta yangu mpya vimeondoka na mtu aliyenishukuru na kunitakia heri nilipokuwa nikimlipa.

Kompyuta yenyewe mnaijua, ni ile ya mpakato tuliyobishana juu yake hadi mkachoka. Ilikuja na RAM ya GB 8 katika soketi moja, soketi ya pili ikiwa tupu, pamoja na SSD ya NVMe, yaani ile aina ya kasi kubwa, ya GB 256. Kwa kazi ile iliyonikaba, ambayo sina haja ya kuieleza tena hapa, nilihitaji RAM ya GB 16 na hifadhi ya terabaiti 1. Njia sahihi ilikuwa kununua kipande kimoja tu cha GB 8 chenye kasi sawa na kile cha awali, nikichomeke katika soketi tupu, kisha nitafute SSD kwa wakati wake. Nililijua hilo kabla sijakutana naye, na ndiyo maana linanichoma.

Nieleze kwa nini nilimwamini, maana najua mtakavyonicheka. Bei yake haikuwa ya kutiliwa shaka, ilikuwa chini kidogo tu ya wengine. Hakutaka kubaki na kompyuta yangu hata kwa saa moja. Aliifungua mbele yangu, amevaa ule mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli, akachomoa waya wa betri kabla ya kugusa kitu chochote, na kila skrubu aliyoitoa akaiweka juu ya karatasi kwa kufuata mahali ilipotoka. Mafundi wangapi mmewaona wakifanya hivyo? Aliniambia kwamba RAM mbili pacha hufanya kazi vizuri kuliko mbili za kuokoteza, na kwamba zikitofautiana kasi, zote mbili hulazimika kwenda kwa mwendo wa ile ya polepole. Hayo ni kweli tupu. Kwa hoja hiyo akanishawishi nimwachie kipande changu kama sehemu ya malipo, ili aniwekee viwili vinavyofanana. SSD yangu nayo akaichukua kwa hesabu hiyo hiyo, baada ya kuhamishia mfumo wote kwenye ile aliyoiita mpya.

Sasa nifike kwenye dakika yenyewe, ambayo nimeirudia kichwani kila usiku. Aliiwasha kompyuta ikiwa bado imelala kifudifudi bila kifuniko cha chini, skrini ikining'inia ukingoni mwa meza, akafungua dirisha la hifadhi na kunionyesha kwa kidole: GB 931. Nikajifanya mjuzi, nikamuuliza kwa nini haikuandikwa 1000. Hakubabaika hata kidogo. Akachukua kalamu, akaniandikia kwamba kiwanda huhesabu terabaiti moja kuwa baiti trilioni moja, ilhali Windows hugawanya kwa 1024 mara tatu, kisha akaniambia nitoe simu nipige hesabu mwenyewe. Nikatoa simu. Nikagawanya mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, nikapata 931.32, nikacheka kwa furaha na kumpa mkono. Nilipoinua macho, kifuniko kilikuwa kimesharudi na skrubu ya mwisho ilikuwa inakazwa. Mtu huyu alinifundisha hesabu ya kweli ili nisiitazame diski ya uongo, na mimi nikamwona mwalimu.

Wiki tatu zikapita. Kompyuta ilizimika ghafla kwa skrini ya buluu mara mbili au tatu, nikailaumu Windows. Kisha nikahamisha picha zetu zote, zikiwemo zile za siku ambayo wengi wenu mlikuwepo, na baada ya hapo mambo yakaanza kuharibika kimyakimya. Jina la faili lilikuwepo, ukubwa wake ulikuwepo, lakini picha ilifunguka nusu, na nusu nyingine ilikuwa kijivu kitupu. Video hazikufunguka kabisa. Niliitoa ile SSD, nikaitia katika kasha la USB, nikaipima kwa H2testw, programu ya bure ya jarida la Kijerumani la c't, ambayo hujaza diski yote kwa data inayoijua kisha huisoma tena ili kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Asubuhi nilikuta jibu: mwisho wa data inayosomeka ulikuwa kwenye GB 119. Maana yake hii ni diski ya GB 128, iliyobadilishwa programu yake ya ndani ili idai kuwa na terabaiti nzima. Kompyuta haina namna ya kuitilia shaka. Diski hutaja ukubwa wake yenyewe, na mfumo huandika kile ilichoambiwa. Ukishavuka ukubwa halisi, data mpya inapotea au inalalia juu ya ile ya zamani, bila onyo lolote.

Isitoshe, wala si NVMe. Niliahidiwa kasi inayokaribia MB 3,500 kwa sekunde, nami ninayo mkononi M.2 (kipande chembamba cha kuchomeka kwenye bodi) ya SATA, aina ya zamani na ya polepole, ambayo hata ikiwa halali haipiti takriban MB 550. Umbo la nje ni lile lile, upana milimita 22 na urefu milimita 80, ila hii ina pengo mbili kwenye meno yake ya shaba, wakati NVMe kwa kawaida huwa na pengo moja. Ningeliona hilo kwa sekunde mbili kama nisingekuwa nikigawanya kwa 1024.

Kuhusu RAM sitasema mengi, inanitia uchungu. GB 16 zipo, lakini chini ya kibandiko cha kasi ya 3200 nimekuta kibandiko cha zamani cha 2400, na MemTest86, programu ya kupima RAM, imejaza skrini mistari myekundu ya makosa. Kipande changu kilichokuwa kizima, cha 3200, sijui leo kimo katika kompyuta ya nani.

Nilipompigia, kwanza alisema nimeitumia vibaya. Siku ya pili akasema ni virusi. Siku ya tatu namba yangu ilikuwa imezuiwa. Mtu wa namna hii hastahili kuitwa fundi. Anastahili kukamatwa, vifaa vyake vyote vipimwe kimoja kimoja, arudishe fedha na vipuri vya kila aliyemwibia, na asiruhusiwe tena kushika bisibisi mbele ya mali ya mtu. Wala nisiambiwe nimsamehe kwa kuwa ni mtafutaji kama sisi. Mtafutaji hakai akibandika vibandiko vipya juu ya vya zamani. Ile ni kazi ya subira na ya makusudi, na kifungo ndicho kinachoifaa. Picha zile hakuna wa kunirudishia.

Mnaotaka kuongeza RAM au SSD, ombeni kushika kifaa mkononi kabla hakijaingia, na mkipige picha pande zote. RAM kwenye Windows itazameni katika Task Manager, sehemu ya Memory, panapoandikwa kasi na idadi ya soketi; huyu alinionyesha ukurasa wa jumla ya GB pekee. Kwenye CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha hali ya diski, diski yangu ilidai saa 0 za kuwaka baada ya wiki tatu za matumizi, jambo lisilowezekana. Muuzaji anayekuahidi kuongeza RAM bila hata kuuliza aina ya kompyuta mwogopeni pia, kwa sababu nyingi za siku hizi zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi. Vipuri vyenu vya awali msimwachie mtu, hata akilia. Na msimlipe mtu kabla ya kupima SSD kwa kuijaza yote, hata kama itachukua usiku mzima na hata kama atanuna.

SSD hiyo ninayo ndani ya bahasha pamoja na risiti yake. Jina la biashara yake sitaliandika hapa mpaka nimalize kutoa maelezo mahali husika, lakini yeyote kati yenu aliyekubaliana naye kazi wiki hii anipigie leo, kabla hajapeleka kompyuta.